“Itakuya” na “iko nakuya”: jinsi Kiingereza kinavyosema mpango wa kesho

Mwanafunzi anayetoka sekondari huja kwenye kitivo chetu akiwa na jedwali la nyakati za Kiingereza kichwani. Jedwali hilo limechorwa kwa mfano wa lile la Kifaransa: safu ya wakati uliopita, safu ya wakati uliopo, safu ya wakati ujao. Katika safu ya tatu kuna neno moja tu, “will”. Kwa Kifaransa tunasema “je partirai”, kwa Kiswahili “nitaondoka”, kwa Kiingereza “I will leave”. Mwalimu anafuta ubao, somo limekwisha.

Jedwali hilo linatosha kwa mtihani wa kujaza mapengo. Halimtoshi mtu anayetaka kujua kama mpango aliotangaziwa ni thabiti au ni wazo tu. Katika insha hii nataka kusema mambo mawili. Kwanza, Kiingereza hakina umbo moja la wakati ujao. Kina maumbo kadhaa, na kila umbo linamwonyesha msikilizaji mpango umesimama juu ya nini. Pili, sisi tunaosema Kiswahili cha Lubumbashi tunayo tofauti kama hiyo vinywani mwetu tangu utotoni, lakini darasani tumezoea kuiita Kiswahili kibovu na kuiacha mlangoni.

Tuanze na maumbo yenyewe. Chukua jambo ambalo kila mmoja wetu wa mwaka wa mwisho analijua: kuonana na mwalimu anayesimamia kazi ya mwisho. Naweza kusema “I'll see my supervisor”. Hapo mara nyingi uamuzi umezaliwa wakati wa kusema. Rafiki ameniambia sura yangu ya pili ina kasoro, nami najibu kwamba basi, nitamwona mwalimu. Naweza kusema “I'm going to see my supervisor”. Hapo nia ilikuwepo kabla sijafungua mdomo. Nimeshaamua, lakini mambo bado yako kwangu. Huenda mwalimu mwenyewe hana habari. Nikisema “I'm seeing my supervisor on Monday”, nimesema jambo kubwa zaidi: mwalimu anajua, tumepatana siku, na nisipofika kuna mtu atakayenisubiri bure. Halafu kuna “The seminar starts at eight on Monday”. Hapa hakuna nia ya mtu wala mapatano ya watu wawili. Kuna ratiba iliyobandikwa ukutani, na semina itaanza hata kama mimi nimelala.

Kwa hiyo mtu anayechagua umbo la kitenzi anajibu swali ambalo halijaulizwa kwa sauti: mpango huu unakaa wapi? Unakaa kinywani mwangu sasa hivi, kichwani mwangu tangu jana, kati yangu na mtu mwingine, au kwenye karatasi ya ratiba? Wanasarufi wa Kiingereza wameliona jambo hili zamani. Otto Jespersen, katika kitabu chake cha 1924 juu ya falsafa ya sarufi, hakukubali kwamba Kiingereza kina njeo ya wakati ujao kwa maana ile ile ya njeo ya wakati uliopita. Randolph Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya 1985, wanafuata njia hiyo pia: wanaorodhesha namna mbalimbali za kutaja wakati ujao, na “will” ni mojawapo tu.

Kuna kipimo kidogo kinachoonyesha kwamba tofauti hii haikubuniwa na waandishi wa vitabu vya shule. Mwingereza anasema “I'm leaving tomorrow” bila shida. Hasemi “It's raining tomorrow”, isipokuwa kwa mzaha. Atasema “It's going to rain tomorrow” au “It will rain tomorrow”. Sababu ni kwamba hakuna mtu aliyepatana na mvua. Umbo la kuendelea linapotumika kwa kesho linadai mpangaji, na mvua haina mpangaji. Kwa sababu hiyo hiyo “I'm catching malaria next week” inachekesha, kwani hakuna anayeweka miadi na malaria. Jua, kwa upande wake, linakubali umbo la ratiba, “The sun rises at six tomorrow”, kwa sababu kuchomoza kwake kunahesabika mapema kama saa ya treni.

Sasa chukua kipimo hicho ukilete nyumbani. “Kesho nasafiri.” Hakuna Mswahili atakayeshtuka, awe wa Kalemie au wa Dar es Salaam. “Kesho mvua inanyesha.” Hapo sikio linakataa, tunataka “itanyesha”. Kiswahili nacho kinajua kwamba umbo la sasa linaweza kubeba kesho pale ambapo kuna mtu aliyepanga, na kwamba mvua haimo katika hesabu hiyo. Vitabu vyetu vya sarufi vinavyosema kwamba kiambishi cha wakati ujao ni -ta-, kisha vinanyamaza, vimetuficha nusu ya mambo.

Kiswahili cha Lubumbashi kinakwenda mbele zaidi. Tunacho kitenzi cha kuendelea kinachojengwa kwa -ko: niko nafanya, uko nafanya, iko nakuya. Mtu anasema “Kesho niko naenda ku Likasi”, na anayemsikia anajua kwamba tiketi iko, au gari limepatikana, au mwenyeji wa Likasi ameshapigiwa simu. Akisema “Kesho nitaenda ku Likasi”, mlango umebaki wazi. Anaweza kwenda, na anaweza kukuambia keshokutwa kwamba mambo hayakukaa vizuri, wala hutamwita mwongo.

Nilitambua thamani ya tofauti hii mbali na maktaba. Baba yangu mdogo anafanya kazi ya kupitisha mizigo forodhani Kasumbalesa, kama kilomita 90 kutoka Lubumbashi. Wanaoujua mpaka ule wanajua kwamba ni mahali pa lugha nyingi. Upande wa Zambia karatasi zinaandikwa kwa Kiingereza, upande wetu kwa Kifaransa, na katikati watu wanaelewana kwa Kibemba na Kiswahili. Baba mdogo anasema vizuri lugha zote hizo isipokuwa Kiingereza. Kwa Kiingereza anajua namba, majina ya bidhaa na salamu. Lakini mawakala wa upande wa pili wanamwandikia kwa Kiingereza, na ujumbe wao karibu wote ni juu ya kesho: kamiyo itavuka lini, nani anaileta, karatasi ziko wapi.

Siku moja aliletewa ujumbe uliosema “The driver says he will cross tomorrow”. Kijana aliyekuwa karibu akamsomea: kamiyo iko navuka kesho. Baba mdogo akawapigia simu wapakuaji, akamwambia mteja afungue depo, akakopa pesa ya siku hiyo. Kamiyo ilivuka siku tatu baadaye. Wapakuaji walidai ujira wao, na walikuwa na haki, kwa sababu waliitwa wakaja. Mteja naye alikasirika. Wakala wa upande wa pili, alipoulizwa, alisema hajadanganya mtu. Ukiusoma ujumbe wake, ni kweli. Aliandika kwamba dereva anasema atavuka. Ulikuwa utabiri wa dereva, na “will” iliubeba kama utabiri. Aliyetafsiri aliondoa dereva, akaondoa “will”, akaweka badala yake umbo la mpango uliokwisha kupatana.

Tangu hapo baba mdogo ananitumia ujumbe kabla ya kuita watu. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: “Mama, ile kamiyo itakuya kesho, ao iko nakuya kesho?” Nililiandika swali hilo katika daftari langu la sintaksia, kwa sababu sijapata kuona lililo bora kuliko hilo katika kitabu cha mazoezi. Mtu asiyejua Kiingereza aliuliza kwa Kiswahili tofauti ambayo walimu wa Kiingereza wanatumia wiki mbili kuieleza.

Ujumbe mwingine ulikuja ukisema “We are going to look for another driver”. Kwa haraka mtu angetafsiri “tutatafuta dereva mwingine”, na maana ya jumla ingekuwepo. Lakini kwa anayeita wapakuaji, jambo la maana ni kwamba hadi dakika ile dereva hayupo. Nia ipo, mtu hayupo. Tulimjibu mteja angoje. Wiki iliyofuata ukaja mwingine: “The truck is leaving Chililabombwe at five, we are crossing tonight”. Hapo vitenzi vyote viwili vilikuwa katika umbo la kuendelea, vikiwa na saa na mahali. Nilimwambia: baba, iko nakuya. Akawaita watu.

Sitaki msomaji afikiri kwamba umbo la kitenzi ni hirizi. Kamiyo inaweza kuharibika njiani hata kama kitenzi chake kilikuwa imara. Umbo linatueleza msemaji ameegemea wapi wakati wa kusema. Halina mamlaka juu ya barabara. Na kuna anayejua uzito wa umbo hili akautumia vibaya. Sote tuna rafiki anayesema kwenye simu “niko nakuya, niko njiani”, huku maji ya kuoga yanasikika yakimwagika nyuma yake. Uongo wake unafaulu kwa sababu umbo hilo lina uzito. Angesema “nitakuja”, tungeanza kula bila yeye.

Kuna mambo mengine matatu ambayo lazima tuyaweke wazi, la sivyo tutakuwa tumeondoa jedwali moja baya na kuleta lingine.

La kwanza ni ahadi. “I will pay you on Friday” inaweza kuwa neno zito sana, kwa sababu msemaji ameweka utashi wake rehani. Lakini uzito wake ni wa ahadi. Unategemea yeye ni mtu wa namna gani, wala hauonyeshi kwamba pesa imeshatengwa. Anayesema “I'm paying you on Friday” anatangaza jambo ambalo kwake limekwisha kupangwa. Kwa mkopeshaji tofauti hii si ndogo.

La pili ni aina ya maandishi. Katika matangazo rasmi, barua za ofisi na habari za magazeti, “will” ndiyo umbo la kawaida hata kwa mpango ulio imara kabisa: “The meeting will be held on 12 June”. Hapo uthabiti unatoka kwa mhuri, sahihi na tarehe. Mwanafunzi aliyekariri kwamba “will” ni dhaifu ataisoma barua hiyo vibaya, kama yule aliyekariri kwamba “will” ni wakati ujao wote alivyousoma vibaya ujumbe wa dereva.

La tatu ni umbo la “will be” pamoja na kitenzi cha kuendelea, kama “The truck will be passing through Ndola tomorrow”. Mara nyingi umbo hili linataja jambo litakalotokea kwa mwendo wake wa kawaida, bila kusisitiza nia ya mtu. Kwa hiyo hutumika pia kwa adabu. Kumuuliza mgeni “Will you be staying long?” kunauma kidogo kuliko kumuuliza kana kwamba tunadai mpango wake.

Mwanafunzi wa isimu hawezi kuacha swali la asili. Kwa nini lugha zinahangaika hivi na kesho? Kwa sababu kesho haionekani, lugha nyingi huiazima kutoka mahali pengine. “Will” ya Kiingereza ilikuwa kitenzi cha kutaka. Kiambishi chetu -ta- nacho kimetoka kwenye kitenzi “kutaka”, na ushahidi haujapotea: mbele ya kirejeshi -taka- inarudi nzima, kama katika “atakayekuja” na “tutakapofika”. Kifaransa kilipita njia ya wajibu: “partirai” ilijengwa kwa kitenzi “kuondoka” kikifuatwa na kitenzi cha “kuwa na”, kama kusema nina kuondoka. “Going to”, pamoja na “je vais partir” ya Kifaransa, ilipita njia ya mwendo. Kutaka, kuwa na wajibu, kwenda: binadamu amegusa kesho kwa mikono hiyo. Kwa hiyo “will” na -ta- ni ndugu kwa asili, na tusishangae kwamba zote mbili zinaacha mlango wazi. Kutaka bado si kupatana.

Lugha nyingine za kwetu na za majirani zinauliza maswali yao. Katika Lingala neno “lobi” ni jana na pia ni kesho. Linataja siku iliyo jirani ya leo, upande wowote. Kitenzi ndicho kinachoamua: “nakendeki lobi” ni nilikwenda jana, “nakokende lobi” ni nitakwenda kesho. Kinyarwanda kinafanya vivyo hivyo na neno “ejo”, na kitenzi chake kinatenga jambo la leo, “ndagenda”, na jambo la kesho au baadaye, “nzagenda”. Kinyarwanda kinataka kujua kesho iko mbali kiasi gani. Kiingereza, kwa maumbo niliyoyaeleza, kinataka kujua imeegemea nini. Anayetoka katika lugha moja kwenda nyingine hawezi kupeleka jibu la swali moja kwenye swali lingine na kutumaini kwamba litafaa. Lazima kwanza ajue anaulizwa nini.

Ndiyo sababu naona jambo hili linahusu kitivo chetu, wala si biashara ya mpakani pekee. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kiingereza kinachotufikia kinaongezeka, na wengi wetu tutakula kwa kazi ya ukalimani na tafsiri: mikutano ya afya, mikataba ya madini, mizigo, wageni wa misaada. Katika mikutano hiyo sentensi inayosubiriwa kuliko zote ni ile ya kesho. Mgeni akisema “We're going to see what we can do about the water”, na mkalimani akatangaza mbele ya kijiji kwamba maji yanaletwa, akina mama wataacha kuchimba kisima chao wakisubiri. Mgeni hakuahidi maji. Alisema nia ya kuangalia. Baada ya miezi sita kijiji kitasema wageni ni waongo, na mgeni atasema watu hawa hawasikii.

Pendekezo langu kwa walimu wetu ni dogo. Tunapofundisha wakati ujao wa Kiingereza, tuanze na sentensi mbili za nyumbani, “itakuya” na “iko nakuya”, tuwaulize wanafunzi tofauti yake. Wataieleza wenyewe, kwa mifano ambayo hakuna kitabu kinaweza kuileta. Kisha tuwape maswali matatu ya kujiuliza mbele ya kila sentensi ya kesho: uamuzi ulifanyika lini? Nani mwingine anaujua? Ni nini kitaharibika usipotimizwa? Baada ya hapo “will”, “going to” na umbo la kuendelea vitapata mahali pa kukaa.

Najua jibu nitakalopewa na baadhi ya walimu: “iko nakuya” si Kiswahili sanifu, na kitivo hakiwezi kufundisha kwa kutumia lugha ya soko. Ninaheshimu Kiswahili sanifu. Ndicho ninachoandikia sasa. Lakini lugha ya soko ndiyo iliyotunza tofauti hii mahali ambapo kosa lake linalipwa kwa fedha. Mwanaisimu akikuta katika lugha ya watu umbo linalofanya kazi safi, kazi yake ni kulieleza. Na mwalimu wa Kiingereza akikuta kwamba mwanafunzi tayari anajua nusu ya somo, ana faida gani akimwambia asahau, kisha amfundishe upya kutoka kwenye jedwali la safu tatu?